Papohapo: shajara ya kuzuia vichupo visivyoombwa katika chumba cha kompyuta, Katuba

Lengo la mradi huu ni moja. Mtu akibofya kiungo, ukurasa ufunguke pale alipo, na kichupo kipya (tab) kifunguke tu ikiwa yeye mwenyewe amekiomba. Kompyuta ni 9, zote zilinunuliwa zikiwa zimetumika, nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na bado ziko kwenye Windows 7. Ziko katika chumba cha kusomea hapa Katuba, Lubumbashi. Wanaozitumia ni wanafunzi wa sekondari, vijana wanaojiandikisha chuoni kwa njia ya mtandao, na wazazi wanaotafuta matokeo ya watoto wao. Naandika ili mwenye chumba kama hiki, awe Kamalondo, Likasi au Kolwezi, anakili kilichofaulu na aruke kilichoshindikana.

4 Machi 2024: tatizo lenyewe

Sentensi ninayoisikia kuliko zote chumbani ni hii: "Yaya, mushale inakatala kurudia nyuma." Nikienda kuangalia, mshale umefifia kweli, na kompyuta haina kosa. Ukurasa uliotangulia uliandikwa ili kiungo chake kifungue kichupo kipya, na kichupo kipya huanza bila historia. Njia yote aliyoipita yule mtu imebaki kwenye kichupo cha jirani, juu kabisa ya skrini, mahali ambapo mtu aliyezoea simu hatazami. Wengi huamua kwamba ukurasa umepotea. Hufunga dirisha zima, na fomu waliyokuwa wameijaza nusu huenda nalo.

Wengine hawafungi chochote. Vichupo hujipanga mpaka majina yake hayasomeki, kumbukumbu hujaa, diski huanza kuhangaika, na kompyuta nzima huganda. Kurasa za magazeti zilizoachwa wazi huendelea kujipakia upya na kula mega ambazo tunazilipia.

Chanzo ni sifa ya HTML iitwayo `target`, ikiwa na thamani `_blank`. Sifa hiyo ilikuja pamoja na fremu katika Netscape Navigator 2.0, wakati ukurasa mmoja uligawanywa vipande na ilibidi kusema kiungo kifungue kipande kipi. Fremu za namna hiyo zimekwisha, `_blank` imebaki. Wenye viwango walijaribu kuiondoa: HTML 4.01 ya Desemba 1999, katika aina yake kali, haikuiruhusu. HTML5 ikairudisha. Na mwaka huohuo wa 1999 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alipanga makosa makuu mapya ya kurasa za wavuti. La kwanza lilikuwa kuharibu kitufe cha kurudi nyuma, la pili kufungua madirisha mapya.

Msimamo unaoongoza kazi hii ni kwamba uamuzi huu ni wa msomaji. Kiungo cha kawaida kinamwachia njia zote: akibofya, anaenda, akishika Ctrl na kubofya, au akibofya kwa gurudumu la kipanya, anapata kichupo kipya. Kiungo chenye `_blank` kinamnyang'anya ile njia ya kwanza. Kivinjari hakina mbofyo wowote wa kusema "fungua hapahapa". Kuna kukikokota kiungo hadi kwenye upau wa anwani, lakini sijamwona mtu yeyote hapa akifanya hivyo.

Niondoe hoja moja ambayo wenzangu huileta, ile ya usalama. Zamani ukurasa uliofunguliwa kwa `_blank` uliweza, kupitia `window.opener`, kubadilisha ukurasa uliouacha nyuma na kuweka wa bandia wenye kuomba nywila. Hatari hiyo imezibwa kwa viungo vya kawaida: Safari 12.1 mwaka 2019, Firefox 79 mwaka 2020 na Chrome 88 mwaka 2021 zilianza kukata uzi huo zenyewe, hata kama mwandishi hakuweka `rel="noopener"`. Kwa hiyo sipambani na `_blank` kwa sababu ya wezi. Napambana nayo kwa sababu ya ule mshale.

9 Machi: kuchagua kivinjari

Windows 7 imeamua kwa niaba yetu. Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huo. Firefox nayo iliishia 115, lakini tawi lake la ESR, linalotunzwa kwa muda mrefu, lilikuwa bado linapata marekebisho ya usalama mwaka huo wa 2024. Tena Chrome haina mpangilio wowote wa kusema `_blank` ifunguliwe papo hapo, ilhali Firefox inao. Nilipakua faili ya kusakinisha mara moja na kuigawa kwa flashi. Gharama: mega za upakuaji mmoja, na mafuta ya jenereta kwa sababu umeme ulikatika kazi ikiwa katikati.

16 Machi: mipangilio peke yake

Nilitaka sana hatua hii itoshe, maana haihitaji kuandika programu yoyote. Andika `about:config` kwenye upau wa anwani, tafuta `browser.link.open_newwindow`. Thamani yake ya kawaida ni 3, yaani kichupo kipya. 2 ni dirisha jipya. 1 ni papo hapo. Nikaweka 1.

Viungo vya `_blank` vilitii mara moja. Kisha yakaja haya.

Mwanafunzi alikuwa anasoma, akabofya kiungo kilichokuwa ndani ya hati ya maandishi nje ya kivinjari. Ukurasa mpya ukafunika ule aliokuwa anausoma. Viungo vinavyotoka kwenye programu nyingine hufuata mpangilio huohuo mpaka uvipe mpangilio wake. Dawa: `browser.link.open_newwindow.override.external`, iwe 3.

Bado kulikuwa na tovuti zilizofungua vidirisha vidogo kwa `window.open`. Mpangilio `browser.link.open_newwindow.restriction` kwa kawaida ni 2, maana yake kidirisha kilichopewa vipimo vyake huachwa kijifungulie. Niliweka 0 ili nacho kifunguke papo hapo. Kuingia kwenye akaunti kukavunjika. Tovuti nyingi hufungua kidirisha cha kuandika nywila, na kidirisha kikimaliza hutuma ujumbe kwa ukurasa uliokifungua. Kidirisha kikichukua nafasi ya ukurasa huo, hakuna wa kupokea ujumbe, na mtu hubaki anatazama skrini nyeupe. Nimerudisha 2, na ninamshauri yeyote asiguse hapo.

Tatizo ambalo mipangilio haiwezi kulitatua kabisa ni fomu. Kijana anajaza maombi ya chuo, anabofya "masharti ya kujiandikisha" yaliyo chini ya fomu, masharti yanachukua nafasi ya fomu. Mara nyingine akirudi nyuma anakuta maandishi yake, kwa kuwa Firefox hutunza ukurasa ulioachwa. Lakini tovuti nyingi za maombi hutuma agizo la `no-store`, linalokataza ukurasa kutunzwa, na hapo akirudi anakuta fomu tupu. Katika hali hii `_blank` ya mwandishi ilikuwa na haki. Mpangilio mmoja wa nambari hauwezi kujua tofauti, kwa hiyo inabidi kuandika kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari. Nimerudisha `open_newwindow` kwenye 3.

6 Aprili: kiendelezi hakifanyi lolote

Kiendelezi cha Firefox ni folda yenye `manifest.json` na faili za JavaScript. Nimekiita Papohapo. Kinajaribiwa kwa `about:debugging`, bila malipo na bila akaunti, ila kivinjari kikifungwa kinatoweka.

Niliandika manifesti kwa toleo la 3, kwa kuwa ndilo jipya. Hakuna kosa lililoonyeshwa, na hakuna kilichotokea. Hapa muda mwingi umekwenda, basi soma vizuri: katika Firefox 115, ruhusa ya kuingia kwenye kurasa kwa manifesti ya toleo la 3 haitolewi wakati wa kusakinisha. Mtumiaji hutakiwa kuiwasha mwenyewe, na asipoiwasha skripti hukaa kimya. Kwenye kompyuta za watu wengi hilo halifai. Nimerudi toleo la 2, ambalo Firefox bado inalikubali, na skripti ikaamka.

20 Aprili: fremu, msingi na viungo vilivyojificha

Kiini cha skripti ni hiki. Kinasikiliza mbofyo kabla ya ukurasa wenyewe:

```
document.addEventListener('click', function (tukio) {
  if (!tukio.isTrusted || tukio.button !== 0) return;
  if (tukio.ctrlKey || tukio.metaKey ||
      tukio.shiftKey || tukio.altKey) return;
  const kiungo = tukio.composedPath()
    .find(k => k.localName === 'a' && k.href);
  if (!kiungo || kiungo.hasAttribute('download')) return;
  const msingi = document.querySelector('base[target]');
  const lengo = kiungo.hasAttribute('target')
    ? kiungo.getAttribute('target')
    : (msingi ? msingi.getAttribute('target') : '');
  if (lengo.toLowerCase() !== '_blank') return;
  amua(tukio, kiungo);
}, true);
```

Mistari ya tatu na ya nne naomba isiondolewe na mtu yeyote. Ndiyo inayosema: aliyeshika Ctrl ameshaomba kichupo chake, tumwache.

Rasimu ya kwanza ilitafuta tu `a[target="_blank"]` na kufuta sifa hiyo. Ilishindwa mahali pengi. Kuna waandishi wanaoandika `_BLANK`, na kivinjari hukubali, kwa sababu herufi kubwa na ndogo hapo ni sawa. Ndiyo maana ya `toLowerCase`. Kuna kurasa zenye `<base target="_blank">` kichwani, ambapo viungo vyote hufungua kichupo kipya ingawa hakuna hata kimoja chenye sifa hiyo. Na kuna vitufe vilivyojengwa ndani ya shadow DOM, yaani sehemu ya ukurasa iliyofichwa ndani ya ganda lake, ambako tukio lenyewe halionyeshi kiungo, linaonyesha ganda lake tu. `composedPath` huingia hadi ndani, alimradi ganda liko wazi.

Fremu ndizo zilizochosha zaidi. Ramani au video ikipachikwa ndani ya ukurasa, viungo vyake huwa na `_blank` kwa sababu ya msingi: bila hiyo, tovuti nyingine ingefunguka ndani ya kile kidirisha kidogo. Nilipoifuta, ndicho kilichotokea, na tovuti nyingi hukataa kabisa kuonyeshwa ndani ya fremu, hivyo mtu aliona kisanduku cha kosa. Nikabadilisha iwe `_top`, ukurasa mzima uhame. Ikafanya kazi kwenye fremu kadhaa, na kwenye nyingine mbofyo ukafa bila neno. Hizo ni fremu zilizofungiwa kwa sifa ya `sandbox`, ambazo haziruhusiwi kuhamisha ukurasa uliozibeba.

Suluhisho lililodumu: ndani ya fremu skripti haigusi kiungo. Inazuia mbofyo, inatuma anwani kwa skripti ya nyuma (ile ya kiendelezi inayofanya kazi nje ya ukurasa), na hiyo ndiyo inayohamisha kichupo kwa `browser.tabs.update`. Weka `"all_frames": true` kwenye manifesti. Kubali anwani za `http` na `https` tu. Za `javascript:` kivinjari hukataa kuzipokea kwa njia hiyo, na za `blob:` hufa pamoja na ukurasa uliozitengeneza.

Majina mengine kama `target="new"` nimeyaacha. Hayo hutumia tena kichupo kilekile kimoja, hayarundiki, na mengine ni majina halali ya fremu kwenye tovuti za zamani.

11 Mei: fomu iliyojazwa nusu

Kanuni niliyoitaka ni rahisi kusema: ikiwa mtu ameshaandika kitu kwenye ukurasa, kiungo kiende kwenye kichupo kipya; kama hajaandika, kibaki. Skripti inasikiliza tukio la `input`, inaweka alama, na inaifuta fomu ikitumwa.

Jaribio la kwanza lilihesabu kila kisanduku. Matokeo: mtu akitafuta neno katika tovuti ambayo haipakii ukurasa upya baada ya utafutaji, alama inabaki, na kila jibu analolibofya linafungua kichupo. Tukarudi palepale tulipotoka. Sasa visanduku vya `type="search"` na vyote vilivyo ndani ya `role="search"` havihesabiwi, na kisanduku kimoja peke yake hakitoshi kuweka alama isipokuwa kiwe `textarea`. Kuna tovuti ambazo kisanduku chao cha kutafuta hakijajitambulisha kwa namna yoyote, lakini kwa kuwa kiko peke yake, hakiweki alama.

Ndani ya ukurasa wenye alama, skripti inazuia mbofyo na kuomba kichupo kwa `browser.tabs.create`, ikitaja `openerTabId`, yaani kichupo mzazi. Hasara yake ni kwamba ukurasa mpya hauambiwi umetokea wapi, na tovuti chache zinazokagua jambo hilo zinaweza kumkataa mgeni. Kwa kurasa za masharti na maelekezo sijaona likitokea.

Mama mmoja mwalimu, ambaye huja Jumamosi kuwasaidia wanafunzi wake kujiandikisha, aliijaribu siku nzima. Aliniambia: "Yaya, leo hakuna mtoto alilia." Kwangu hicho ndicho kipimo cha mradi.

1 Juni: kurudi kutoka kichupo kipya

Hata kichupo chenye haki ya kufunguka bado kina mshale uliofifia. Msomaji wetu mmoja haoni, anatumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Kwake ni vigumu zaidi: anasikia kichwa kipya kikisomwa, anabonyeza Alt na mshale wa kushoto, kimya. Miongozo ya WCAG, ya kurasa zinazofikika kwa watu wenye ulemavu, inashauri mtu aonywe kabla ya dirisha jipya kufunguka. Waandishi wachache mno hufanya hivyo.

Safari kwenye Mac imelitatua hili vizuri. Ukibonyeza kurudi nyuma katika kichupo kilichozaliwa na kiungo, kichupo hujifunga na unajikuta ulikotoka. Chrome ya Android hufanya vivyo hivyo kwa kitufe cha kurudi cha simu. Ndiyo maana wanaotoka kwenye simu hushangaa wakifika kwenye kompyuta zetu: walizoea kwamba kurudi ni kurudi.

Kwenye Firefox nilitaka kuuwasha ule mshale wa upau. Haiwezekani, viendelezi haviruhusiwi kugusa vitufe vya kivinjari chenyewe. Kilichowezekana ni kibodi. Ikiwa `history.length` ni 1 na mtu anabonyeza Alt pamoja na mshale wa kushoto, skripti ya nyuma inaangalia `openerTabId`, inamrudisha kwa `tabs.update` kwenye kichupo mzazi, kisha inafunga cha sasa kwa `tabs.remove`. Fuata mpangilio huo. Ukifunga kwanza, kivinjari huchagua chenyewe kichupo cha kuonyesha, na si lazima kiwe mzazi.

Msomaji wetu wa NVDA sasa anarudi bila kuniita. Wanaotumia kipanya nimewawekea kitufe cha kiendelezi chenye kazi ileile, karibu na upau wa anwani. Hakitoshi, kwa sababu macho yanatafuta mshale waliouzoea. Hapa kazi inayobaki ni ya watengenezaji wa vivinjari, na mfano wa kuiga upo tayari.

22 Juni: kusambaza kwenye kompyuta zote

Kiendelezi kinahitaji saini ya Mozilla ili kikae. Saini haina malipo, hata kwa kiendelezi kisichotangazwa kwenye duka lao: fungua akaunti, pakia faili, pokea `.xpi` iliyosainiwa. (Duka la Chrome hutoza dola 5 mara moja kwa kumsajili mtengenezaji, hatukuzihitaji.) Weka kitambulisho chako kwenye manifesti, chini ya `browser_specific_settings`. Finyaza (zip) faili zenyewe pamoja, si folda inayozibeba, maana `manifest.json` isipokuwa juu kabisa faili hukataliwa.

Ili isakinishwe bila kumuuliza mtu, kuna faili ya sera, `policies.json`, inayokaa katika folda uitengenezayo kwa jina `distribution` ndani ya folda ya Firefox. Ndani yake, chini ya `ExtensionSettings`, andika kitambulisho cha kiendelezi, `installation_mode` iwe `force_installed`, na `install_url` ielekeze kwenye faili iliyo kwenye diski, kwa `file:///`.

Kompyuta kadhaa zilikataa kuisoma. Windows huficha viambishi vya majina, na Notepad ilikuwa imehifadhi `policies.json.txt`. Washa uonyeshaji wa viambishi kwanza, ndipo unakili. Kisha fungua `about:policies`: sera zisipoonekana hapo, faili haijasomwa, kukiwa na alama iliyosahaulika, kosa litatajwa palepale.

Gharama ya hatua hii ni mega chache na mafuta ya jenereta. Mafuta ndiyo yaliyokula fedha ya mradi huu kuliko kitu kingine chochote.

13 Julai: yaliyobaki

Vichupo vinavyoachwa wazi jioni vimepungua sana, na kompyuta za gigabaiti 4 hazigandi kama zamani. Yanayobaki ni haya.

`window.open` bila vipimo bado hufungua kichupo, na nimeamua kuiacha, kwa sababu ya zile kurasa za kuingia kwenye akaunti. Viungo vya SVG navyo bado: `href` yake si maandishi ya kawaida, ni kitu chenye thamani ndani, na skripti inapaswa kukisoma kwa `getAttribute`. Viungo vya picha zilizogawanywa kwa `area` havimo kabisa. Ongeza neno hilo penye `'a'` kama tovuti zako zinazo.

Wazazi wameanza kuuliza kama watapata kitu hiki kwenye simu. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 imefungulia mlango viendelezi vya kila mtu, lakini haina njia ya kibodi niliyoieleza, na kitufe cha kiendelezi hujificha ndani ya menyu. Toleo la simu linahitaji lile la kwanza tu, yaani viungo na fomu, kwa kuwa kurudi nyuma simu inakujua yenyewe. Nimeanza kulitenganisha. Faili za toleo la kompyuta ziko chumbani. Atakayefika na flashi atanakiliwa pamoja na `policies.json` yake.